Kwa Treni Hadi Sisilia, Nyuma ya Ibn Jubayr

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA) alimuuliza mtu aliyekuja kumshuhudia mwenzake kwa wema: Je, ni jirani yake? Amewahi kuamiliana naye kwa dirhamu na dinari? Amewahi kusafiri naye? Yule mtu alipokana yote matatu, Umar akamwambia kuwa basi hamjui.

Mimi na sahibu yangu tumejuana tangu tulipokuwa tukiandika alifu kwa kalamu ya mwanzi katika chuo kimoja kule Tanga. Ujirani tumeuishi, na biashara ndogo ndogo za ujanani tumezifanya. Safari tu ndiyo iliyokuwa bado. Yeye ameishi Leicester, Uingereza, kwa zaidi ya miaka ishirini, mimi sijahama. Mwezi wa Shawwal, Aprili ikielekea mwisho, tulikutana Milano, kila mtu na shanta lake mgongoni, kwa nia ya kuiteremka Italia yote kwa treni mpaka ncha ya magharibi ya Sisilia.

Andalusia inajulikana kwa wasomaji wengi wa gazeti hili. Imeandikiwa, imeimbiwa na kuliliwa. Sisilia haikupata bahati hiyo. Waislamu walianza kuiteka mwaka 827, wakaitawala kwa zaidi ya miaka 200, kisha wakaishi humo chini ya wafalme Wakristo kwa zaidi ya miaka 150 mingine, na baadaye wakatoweka kabisa. Nilitaka kuona mahali ambapo umma mzima umetoweka panafanana vipi. Sahibu yangu, kwa kauli yake mwenyewe, alitaka kupumzika tu.

Kitabu nilichobeba kilikuwa kimoja: safari ya Ibn Jubayr, katibu wa Granada aliyetoka kwenda Hija mwaka 1183, na ambaye jahazi lake wakati wa kurudi lilivunjika karibu na Messina mwezi Desemba 1184. Hakukusudia kuiona Sisilia. Bahari ndiyo iliyomtupa huko, na kwa hiyo aliitazama kwa jicho la mtu asiyekuwa na haja nayo. Jicho la namna hiyo huona mengi.

Niseme machache ya manufaa kwa atakayetaka kuifuata njia hii. Treni za Italia ni za aina nyingi. Zile za kasi, ambazo hufikia kilomita 300 kwa saa, hukufikisha Roma kutoka Milano kwa muda wa saa tatu hivi, na tiketi yake ikikatwa mapema huwa nafuu. Zile za mkoa huenda polepole, husimama kila kituo, na bei yake ni ndogo. Lakini tiketi ya karatasi sharti uigonge muhuri katika mashine iliyopo kwenye jukwaa kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini hata kama umelipa nauli. Chakula si taabu kubwa kwa Mwislamu mwenye kuuliza. Piza ya nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni haina jibini wala nyama. Mikate, biskuti na vitu vya kukaanga vinahitaji swali moja zaidi, kwa kuwa mafuta ya nguruwe hutumika jikoni kwao kama samli inavyotumika kwetu. Kuhusu Swala, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na kibla huko kiko upande wa kusini-mashariki. Tuliswali kwenye vichochoro vya mabehewa, bustanini na kwenye majukwaa, na hakuna aliyetusemesha isipokuwa bibi mmoja wa Bologna aliyetaka kujua kama tumepoteza kitu sakafuni.

Stesheni kuu ya Milano ilifunguliwa mwaka 1931, na ukubwa wake unamfanya mtu ajione mdogo, jambo ambalo nadhani ndilo lililokusudiwa na watawala wa zama zile. Chini ya majukwaa yake pana jukwaa jingine lililofichika, namba 21. Hapo kati ya mwaka 1943 na 1945 Mayahudi walipakiwa katika mabehewa ya mizigo, mabehewa yakainuliwa kwa lifti hadi kwenye reli za juu, na wengi wao wakapelekwa Auschwitz wasirudi. Siku hizi pamefanywa mahali pa kumbukumbu, na ukutani, pale unapoingia tu, limechongwa neno moja kubwa lenye maana ya kutojali. Mwaka 2015, wakimbizi wa Afrika na Shamu walipojaa mjini, wasimamizi wa mahali hapo waliwafungulia milango wakalala humo usiku. Sahibu yangu alisimama mbele ya neno lile kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyekuja kupumzika.

Bologna tuliipita upesi. Saa ya stesheni yake imesimamishwa kwenye dakika ambayo bomu lililipuka tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Firenze tulikaa siku mbili, na nyingi katika picha zake nawaachia wanaozielewa. Moja tu niitaje. Katika jumba la Uffizi kuna mchoro wa Gentile da Fabriano wa mwaka 1423, na duara la dhahabu kuzunguka kichwa cha Bibi Maryam limepambwa kwa maandishi mfano wa Kiarabu. Si maneno, ni mikunjo tu ya herufi iliyoigwa na mtu asiyejua kusoma. Kwao hati hiyo ilikuwa kitu cha thamani kilichokuja na vitambaa vya hariri na vyombo vya shaba kutoka Misri na Shamu, wakaiona inastahili kumzunguka mtu mtukufu. Sahibu yangu aliinamia kioo akajaribu kusoma, kisha akacheka: “Hii ni hati ya mwanafunzi aliyetoroka chuo.” Baadaye nilikuja kuikumbuka kauli hiyo kwa sababu nyingine.

Roma ina mambo ya kumshughulisha mtu mwaka mzima, lakini kwetu watu wa pwani ya Afrika Mashariki ina jambo linaloanzia mlangoni mwa stesheni. Uwanja ulio mbele ya Termini huitwa Uwanja wa Mia Tano. Mia tano hao ni askari wa Kiitalia waliouawa na jeshi la Ras Alula wa Ethiopia huko Dogali, katika nchi inayoitwa leo Eritrea, mwezi Januari 1887. Maelfu ya watu huukanyaga uwanja huo kila siku na mabegi yao, na nina shaka kama wengi wanajua wanakanyaga jina gani. Miaka mitano baada ya Dogali, mwaka 1892, Sultani wa Zanzibar aliikodisha Italia bandari za Benadir, zikiwemo Mogadishu, Marka na Barawa. Na mwaka 1905 Italia ikazinunua moja kwa moja. Hivyo ndivyo Waswahili wa Barawa, wenye lahaja yao ya Chimini, walivyojikuta raia wa chini wa mfalme wa Roma. Katika mgahawa mmoja wa Kisomali karibu na stesheni, mzee aliyekuwa akinywa chai pembeni alitusikia tukizungumza, akageuka akatujibu kwa Chimini. Tulielewana kiasi cha nusu. Nusu ya pili tuliimalizia kwa Kiarabu cha msikitini na kwa kucheka. Wajukuu zake, alisema, hawasikii Chimini wala Kisomali. Wao ni Waroma.

Siku ya Ijumaa tulikwenda Msikiti Mkuu. Hupandwa treni ya kitongoji kutoka Piazzale Flaminio, ukashuka kituo cha Campi Sportivi. Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 1995 baada ya miaka mingi ya mabishano, na Mfalme Faisal wa Saudia alikuwa miongoni mwa wafadhili wake. Msanifu wake mkuu, Paolo Portoghesi, alizifanya nguzo za ndani zigawanyike juu kama matawi ya miti, kiasi kwamba mwenye kuswali chini yake hujihisi yumo msituni wakati jua linapochuja. Nje, baada ya Swala, ni soko: tende, mishikaki, kanzu, mikate ya Wamorocco, sambusa za Wabangali. Khutba ilikuwa kwa Kiarabu kisha kwa Kiitalia. Vijana walio mbele yetu walisinzia katika ile ya kwanza wakaamka katika ile ya pili.

Kutoka Roma hadi Palermo treni ya usiku huchukua takribani saa kumi na mbili, na katikati ya safari hiyo hutokea jambo ambalo ni watoto peke yao wanaolishangilia inavyostahili. Treni hupanda meli. Inapofika Villa San Giovanni, mwisho wa bara, mabehewa hukatwa vipande, husukumwa juu ya reli zilizomo tumboni mwa feri, na feri huvuka mlangobahari wa Messina ambao katika wembamba wake hauzidi sana kilomita tatu. Abiria akitaka hubaki kitandani. Akitaka hupanda ngazi hadi sitahani. Alfajiri ilitukuta juu. Sahibu yangu alitangulia kuswalisha, tukaelekea kibla, na kabla ya rakaa ya pili feri ilikuwa imegeuka kuingia bandarini. Hali kama hiyo wanazuoni walikwisha kuieleza zamani. Alijigeuza nayo, nami nikajigeuza nyuma yake, na baharia mmoja aliyekuwa akikunja kamba akatupisha njia bila kuulizwa. Mbele yetu Messina ilikuwa ikiwaka taa. Mji huo wote ni mpya, kwani ule wa kale uliangushwa na tetemeko la tarehe 28 Desemba 1908 lililoua watu kwa makumi ya maelfu.

Mahali hapo hapo Ibn Jubayr aliona kifo. Anasimulia kwamba wenye mashua walidai ujira mkubwa ili kuwaokoa waliomo jahazini, na maskini wa Kiislamu hawakuwa na kitu. Mfalme William wa Pili, Mkristo, aliyekuwa Messina siku hiyo, alitoa fedha zake wakateremshwa. Ibn Jubayr hakuficha mshangao wake. Mfalme huyo, anasema, alisoma na kuandika Kiarabu, na jumba lake lilijaa watumishi Waislamu walioficha Swala zao, na yeye akajifanya haoni.

Palermo inaingia mtu kwa masikio kabla ya macho. Barabara kuu ya kale huitwa Cassaro, nayo ni kasri. Mtaa wa kando ya bahari ni Kalsa, uliokuwa al-Khalisa, makazi ya amiri. Mashamba ya machungwa yalikuwa katika maua, na ua hilo wao huliita zagara, kutokana na zahr. Zabibu wao ni zibibbo. Lililonigusa kuliko yote ni gebbia, yaani birika kubwa la kukusanyia maji ya kumwagilia shamba. Mkulima mmoja nje ya mji alilitamka huku akituonyesha, na sisi wawili kwa pamoja tukasema: jabia! Ni neno lile lile la mabibi zetu, la birika la maji msikitini. Limetoka Arabuni, likapanda kaskazini hadi Sisilia na likateremka kusini hadi Tanga, na leo linakutana na ndugu yake chini ya mlimau. Mkulima alituuliza sisi ni Waarabu wa wapi.

Maji hayo hayakuletwa na mvua. Waislamu walichimba mifereji ya chini ya ardhi ikayavuta kutoka kwenye miinuko hadi mjini, na baadhi yake bado inapitika kwa mtu mwenye moyo wa kushuka gizani. Walileta na kueneza michungwa, milimau, miwa na pamba. Jumba la Zisa, yaani al-Aziza, lilianza kujengwa mwaka 1165 kwa amri ya mfalme Mnormani, lakini lilifuata mtindo wa Kiislamu: ukumbi wa chini una chemchemi ukutani na kijito kilichochongwa katikati ya sakafu ili upepo wa baharini upoe kabla ya kupanda vyumbani. Humo ndani pana jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Anna, lililowekwa na mwanawe aliyekuwa kasisi. Limeandikwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na tena Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, na katika Kiarabu tarehe imetajwa kwa mwaka wa Hijria. Kasisi aliyemzika mama yake kwa kalenda ya Hijria! Ilikuwa karne ya 12.

Katika karne hiyo hiyo Roger wa Pili alimwita Sharif al-Idrisi, mzaliwa wa Ceuta, akamkalisha Palermo kwa miaka mingi kutengeneza picha ya dunia juu ya sahani kubwa ya fedha na kitabu cha kuifafanua. Kitabu kilikamilika mwaka 1154. Sahani imepotea, lakini kitabu na ramani zake zimebaki, kusini kukiwa juu. Humo wametajwa Zanj, na imo miji ya Malindi na Mombasa. Nilimwambia sahibu yangu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jumba la kifalme, kwamba pwani yetu iliandikwa hapa, na Mwislamu aliyekula mshahara wa mfalme Mkristo, miaka 344 kabla ya Vasco da Gama kuiona. Alinijibu kwamba yeye pia anakula mshahara wa mfalme Mkristo, na hakuna aliyemwomba ramani.

Ndani ya jumba hilo mna kanisa la mfalme, na dari lake la mbao limechongwa kwa mapambo ya kuning'inia yale yale yaliyomo misikitini Misri na Maghribi, pamoja na maandishi ya Kikufi. Kanisa kuu la mji nalo liliwahi kuwa msikiti. Katika nguzo moja ya sebule yake ya kusini, upande wa kushoto wa mwenye kuingia, imebaki aya ya 54 ya Suratul A'raf, inayotaja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na usiku unavyoufunika mchana. Watalii huiegemea nguzo hiyo wakipigwa picha. Tuliisoma polepole, neno kwa neno, maana hati yake imelika. Safari hii haikuwa hati ya mwanafunzi aliyetoroka chuo.

Mtu aitwaye Ibn Hawqal, mfanyabiashara wa Baghdad, alifika Palermo mwaka 973 akasema ina misikiti zaidi ya 300. Huenda msomaji akafurahi kwa hesabu hiyo. Mwenyewe hakufurahi. Alipouliza sababu ya misikiti kupakana hivyo, aliambiwa ni kiburi tu: kila mtu alitaka wa kwake asioshirikiana na mwingine, hata ndugu wa baba mmoja ambao nyumba zao zimegusana. Akaongeza kwamba waalimu wa watoto nao walikuwa mamia, na wengi wao walikuwa wajinga walioikimbilia kazi hiyo ili wasiende vitani. Huenda alitia chumvi, maana Palermo hakuipenda. Lakini miaka 99 baadaye, mwezi Januari 1072, mji ulifunguliwa malango kwa Wanormani, na maamiri wa kisiwa walikuwa wamekwisha kupigana wao kwa wao kiasi kwamba mmoja wao ndiye aliyekwenda kuwaita.

Leo wapo Waislamu tena. Msikiti wa Watunisia ulio katikati ya mji umo ndani ya lililokuwa kanisa, walilokabidhiwa mwaka 1990. Sokoni Ballarò kuna Wabangali, Waghana na Wasomali, na huuzwa panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate. Asiyejua atadhani Wapalermo walijifunza bajia kwetu. Tulivila siku tatu mfululizo, tukiulizia mafuta kila mara.

Kutoka Palermo tuliichukua treni ya mkoa inayozunguka kusini, polepole mno, kupita Castelvetrano hadi Mazara. Hapo ndipo aliposhuka mwaka 827 Asad bin al-Furat, kadhi wa Kairouan, mwanachuoni wa fiqhi aliyekuwa na umri wa takribani miaka 70, akiongoza jeshi. Alifariki mwaka uliofuata mbele ya kuta za Siracusa. Katika vichochoro vya mji wa kale wanaishi wavuvi wa Kitunisia waliovuka bahari ile ile miaka sitini hivi iliyopita, kwa ajili ya kamba na dagaa. Baadaye reli hufuata pwani, ikapita Marsala, na baada yake mashamba ya chumvi na vinu vyake vya upepo, hadi Trapani ambako reli na nchi vinakwisha.

Trapani ndipo Ibn Jubayr alipongojea jahazi la kumrudisha kwao, miezi ya mwanzo ya mwaka 1185. Msomaji wake anayeifikia sehemu hiyo hukuta kalamu imebadilika. Ule mshangao wa kumpenda mfalme mwema umekwisha. Kwa nje, anaandika, Waislamu wana misikiti yao, wana kadhi, na adhana inasikika. Khutba ya Ijumaa tu ndiyo iliyokatazwa. Lakini ndani ya nyumba zao kuna jambo jingine. Baba akimkasirikia mwanawe, au mume mkewe, au mama bintiye, aliyekasirikiwa hukimbilia kanisani akabatizwa, na baada ya hapo baba hana njia ya kumfikia. Basi wazazi waliishi kwa kuwabembeleza watoto wao, wakiogopa kuwakemea. Kisha anasimulia habari ya mtu mmoja miongoni mwa wakubwa wa mji, aliyemtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji wale na ombi: amchukue binti yake, kijana ambaye hajafikia utu uzima, amuoe au amuoze kwa amtakaye, mradi aondoke naye kwenda nchi ya Waislamu. Baba aliridhia kutomwona tena. Binti alipoulizwa naye aliridhia. Yule haji akakubali.

Habari hiyo niliisoma kwa sauti, tumekaa ukingoni mwa bandari, miguu ikining'inia juu ya maji. Sahibu yangu hakusema kitu. Alikula chungwa lake lote, akakusanya maganda, akayafunga katika karatasi. Kisha akaniambia jambo ambalo, nilitambua hapo, ndilo aliloingia nalo Milano ndani ya shanta lake. Ameniruhusu niliandike, kwa sharti la kutomtaja jina.

Binti yake wa pili ana miaka 14. Tangu majira ya baridi ameacha kwenda madrasa. Si mkorofi, anasoma vizuri, anamheshimu mama yake, lakini akiambiwa Swala hutazama ukutani, na akikaripiwa hujifungia. Baba yake ameanza kuchagua maneno kabla ya kusema naye, kama mtu anayepita juu ya sakafu mbovu. Amewaza kumpeleka Tanga, akae kwa bibi yake mpaka amalize shule. Mkewe hajui. Tiketi alikwisha kuiulizia bei.

Nilimwambia ninavyoona, na bado naona hivyo. Baba wa Trapani alikuwa amefungiwa kila mlango. Alimtoa binti kwa kuwa aliona nyumba inaungua. Leicester haiungui. Mtoto wa miaka 14 anayepakiwa ndegeni kama adhabu ataiona Tanga kuwa ni jela, na dini kuwa ni askari wake. Na yule wa Trapani aliulizwa kwanza. “Kwenu kuna misikiti kila mtaa,” nilimwambia.

“Palermo ilikuwa na mia tatu,” akajibu.

Sikuwa na la kumjibu, na hatukulizungumza tena kwa siku mbili.

Tulirudi Palermo kwa basi, tukavuka tena mlangobahari usiku, tukaingia bara hadi Caserta, na kutoka hapo treni ikakata milima kuelekea mashariki hadi Foggia. Nilitaka kumalizia Lucera, mji mdogo ulio juu ya kilima, dakika ishirini hivi kwa kitreni cha mabehewa machache kinachopita katikati ya mashamba ya ngano. Watalii hawaendi huko. Baada ya William wa Pili kufariki mwaka 1189, Waislamu wa Palermo walishambuliwa. Waliobaki wakakimbilia milima ya magharibi, na baadaye wakaasi. Mfalme Frederick wa Pili aliuvunja uasi wao, na kuanzia miaka ya 1220 akawahamisha kwa makundi, watu kwa maelfu, akawaweka Lucera, mbali na bahari, kati ya Wakristo pande zote. Alidhani, bila shaka, kwamba huko watayeyuka.

Hawakuyeyuka. Walilima, walifua silaha, walimtumikia kama wapiga mishale, na wengi wao walishika dini yao kwa kizazi baada ya kizazi, wakiwa na kadhi na msikiti wao, kwa zaidi ya miaka sabini. Waliomalizika Sisilia walimalizika polepole, nyumba moja moja. Hawa ilibidi wamalizwe kwa amri. Mwezi Agosti 1300 Charles wa Pili wa Anjou aliutuma mkono wake Lucera, mji ukavunjwa, watu wakauzwa utumwani, na msikiti ukabomolewa. Mahali pake pana kanisa kuu la mawe ya rangi ya asali, ambalo lilianza kujengwa mwaka huo huo. Tuliingia. Palikuwa na baridi na harufu ya nta, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia alituitikia kwa kichwa. Hapakuwa na nguzo yenye aya.

Nje ya mji pana ngome ambayo ukuta wake una mzunguko wa takribani mita 900, na ndani yake ni nyasi na mabaki ya kasri la Frederick. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri pale, kwenye nyasi, upepo ukitupepesa. Baada ya kutoa salamu sahibu yangu alibaki amekaa, akaniuliza kama nadhani watu wa Lucera walikuwa wakiwakaripia watoto wao. Nikamwambia Ibn Jubayr hakufika huku. “Hakufika,” akasema, “lakini watoto hawa hawakuwa na pa kukimbilia pengine, na bado hilo silo lililowabakisha. Kuna kitu walikuwa wakipewa nyumbani.” Akafuta majani kwenye suruali yake tukateremka kuifuata reli.

Foggia ndipo tulipotakiwa kuachana: yeye kaskazini kufuata pwani ya Adriatiki hadi Bologna na Milano, mimi Roma kwenye uwanja wa ndege. Ilikuwa magharibi. Kwenye jukwaa aliniuliza Tanga saa hizi ni saa ngapi. Nikamwambia tumepishana saa moja tu, mama yake atakuwa ametoka kuswali Isha. Akasogea pembeni na simu, lakini niliposikia anazungumza ilikuwa Kiingereza, taratibu, akiuliza kuhusu mtihani wa hesabu na kisha akisikiliza, akisikiliza tu, kwa muda mrefu. Kipaza sauti kikatangaza treni ya Bologna. Nikalibeba shanta lake nikamfuata nalo hadi mlangoni mwa behewa.